Mpangaji wa Pafu la Kushoto

Kila siku saa nne asubuhi, kabla chai haijamiminwa, maabara ile ya orofa ya kwanza mjini Thika, juu ya duka la sare za shule, ilikuwa na desturi ya kutupa uchafu. Uchafu wenyewe ulikuwa zile sahani ndogo za plastiki ambamo makohozi ya wagonjwa hupandwa juu ya chakula laini, ili vijidudu vikiwemo vimee na kutambuliwa. Sahani ikiotesha bakteria, bakteria walipewa jina na kuandikwa kwenye ripoti. Sahani ikiotesha ukungu, ilichukuliwa kwamba kuna mtu aliacha dirisha wazi.

Amri hiyo ilitoka kwa mwenye maabara, Mzee Njau, mtu mpole aliyekipenda cheti chake cha usafi kuliko alivyowapenda baadhi ya jamaa zake. Mwaka fulani mkaguzi aliona ukungu kwenye sahani mbili, akaandika maneno yaliyomnyima Njau usingizi hadi Pasaka. Tangu hapo fomu ya majibu ilichapishwa na kisanduku kipya chini kabisa, kilichoandikwa "Uchafu". Kavata, aliyekuwa mtaalamu wa kupanda vijidudu hapo, alikuwa amekitia alama kisanduku hicho kwa miaka tisa bila kusita. Akishakitia alama, sahani iliingia kwenye mtungi wa mvuke, naye akaenda kuchukua andazi lake.

Ijumaa moja Kavata alitoka mapema. Dada yake alikuwa anatembelewa na wakwe kule Mwihoko, na wakwe hao walijulikana kwa kufika kabla ya saa waliyoitwa. Katika haraka hiyo alisahau sahani moja ndani ya kabati la joto. Aliporudi Jumatatu alikuta kifuniko kimewekwa kando kwa adabu, na sahani imelambwa ikabaki nyeupe.

"Kuna mtu anakungoja," alisema Wakonyo, aliyekaa mapokezi na kugawa namba. "Amekaa hapo tangu nifungue. Nimemuuliza jina akasema hana, ati jina ndiyo amekuja kuchukua. Nimempatia namba kumi na nne."

Kavata alichungulia. Kwenye benchi, kati ya mama mjamzito na mzee aliyeshika kichupa cha mkojo, aliketi kuvu. Alikuwa wa kimo cha wastani, rangi yake kijani iliyochanganyika na majivu, kama mkate uliosahaulika kabatini, na mwili wote ulikuwa laini kama mahameli. Kichwa chake kilizungukwa na shanga ndogondogo zilizopangwa kwa mistari, na kila alipokitikisa, shanga chache zilidondoka sakafuni. Kavata alimtambua mara moja. Alikuwa amezoea kumwona kwenye vitabu vya chuo, lakini vitabu havikuwahi kusema kwamba ana subira.

"Namba kumi na nne," aliita.

Kuvu aliinuka, akamwomba radhi yule mama mjamzito kwa kumpitia mbele, akaingia.

"Daktari, mmenitupa mara sita," alisema alipokwisha kuketi. "Sikuja kugombana. Nimekuja tu kusema mimi si uchafu. Mimi ni results."

"Wewe ni wa nani?"

"Ninaishi kwa Muoki. Pafu la kushoto, juu."

Jina hilo Kavata alilijua, kwa sababu sampuli za Muoki zilikuwa zikija kutoka Ruiru kila baada ya wiki chache, na barua ya Daktari Waithira wa huko, iliyoambatana nazo, ilizidi kuwa fupi kila mara. Muoki alikuwa mpuliza dawa kwenye shamba la maua huko Murera. Miaka mingi nyuma aliugua kifua kikuu, akatibiwa, akapona. Kisha kikohozi kikarudi, na damu kidogo, na mwili ukaanza kumwisha. Vipimo vilisema hakuna kifua kikuu. Maabara ya Thika ilisema kuna uchafu. Kwa kuwa hakuna aliyesema jambo lingine, alipewa tena dawa za kifua kikuu, akazimeza miezi sita, akakohoa miezi sita. Barua ya mwisho ilikuwa na mistari miwili: Muoki amebaki kilo arobaini na nne, na kama maabara haitakuwa na jipya kufikia Ijumaa, daktari atamwanzisha dawa hizo mara ya tatu, maana hawezi kumtazama tu.

Kavata aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayoanzia masikioni. Mara sita. Na baada ya kila mara alikunywa chai.

"Uliingiaje kwake?" aliuliza.

"Kwa njia ya kawaida. TB ilipohama iliacha shimo pafuni, chumba wazi, self-contained. Unajua vile nyumba zimekuwa ngumu kupata huku kwetu." Kuvu alikunja mikono yake magotini. "Yeye mwenyewe alinivuta na pumzi siku moja akipuliza maua. Sikuvunja mlango."

Kavata hakuona sababu ya kubishana naye. Alitoa selotepu kwenye droo, akakata kipande cha urefu wa kidole, akasema samahani, akakibandika begani mwa kuvu na kukibandua. Alikilaza juu ya tone la rangi ya buluu kwenye kioo, akainama kwenye hadubini. Aliangalia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akamwambia jina lake: Aspergillus fumigatus.

Kuvu alilirudia mara mbili, polepole, kama mtu aliyekabidhiwa kitambulisho baada ya kuhangaishwa miaka.

"Ni refu," alisema.

"Ni la Kilatini."

"Kule Murera wananiita vumbi."

Jina peke yake halikutosha. Ilibidi kujua ni dawa gani ingemtoa, na kwa kazi hiyo Kavata alikuwa na sahani nne za namna ya pekee alizopewa kwenye mafunzo Nairobi, ambazo alizificha ndani ya friji nyuma ya maziwa ya Wakonyo. Kila sahani ilikuwa na vishimo vinne. Kishimo cha kwanza hakikuwa na dawa, kilikuwa cha kumkaribisha mgeni. Vitatu vilivyobaki vilikuwa na dawa tatu za ukoo mmoja, zile ambazo madaktari huanza nazo, maana ni vidonge na mgonjwa humeza akiwa kwake. Kuvu wa kawaida humea kwenye kishimo cha kwanza na kuviogopa vile vingine.

"Usijisumbue," alisema kuvu. "Naweza kukwambia saa hii itakuwaje."

"Siwezi kuandika kwenye ripoti kwamba wewe ndiye umesema."

"Ni kweli. Kazi ni kazi."

Kwa hiyo Kavata alichukua shanga chache, ambazo ndizo mbegu za kuvu, kutoka kichwani pake, akaziweka kwenye vishimo vyote vinne. Pembeni akaandaa sahani nyingine yenye utepe mwembamba wa dawa ya nne, ya zamani, kali, ambayo hutiwa kwenye mshipa hospitalini na kumtetemesha mgonjwa kama mtu aliyenyeshewa kwenye baridi ya Limuru. Kuvu akarudi kwenye benchi. Hapo alikaa siku zote hizo, na hakumsumbua mtu, isipokuwa vumbi la kijani lililobaki kila aliposogea, ambalo Wakonyo alilifuta kwa jiki, dawa ya kuua vijidudu, asubuhi na jioni huku akimwambia ainue miguu.

Jumatano Kavata alifungua kabati la joto. Vishimo vyote vinne vilikuwa vimejaa kijani, na kwenye vile vitatu vyenye dawa kijani kilikuwa kimeota kizuri zaidi. Alimwita kuvu akamwonyesha.

"Nilikwambia," alisema kuvu, bila majivuno, au kwa majivuno kidogo sana.

"Hizi dawa Muoki hajawahi kumeza hata moja. Ulizizoea wapi?"

"Nyumbani. Kule shamba kuna rundo, wanatupa waridi zenye kasoro na majani yake. Mimi nilizaliwa hapo, na mama yangu, na mama yake. Kila Alhamisi Muoki alikuwa anapitia na pampu mgongoni anapuliza hiyo dawa ya maua, na ni ndugu ya hizi zako tatu. Baba mmoja, mama mmoja. Mwanzoni tulikufa wengi, daktari, sitaki kukudanganya. Wale tulibaki tukasoma. Saa hii Alhamisi ikifika hata hatushtuki."

"Kwa hiyo Muoki alikusomesha."

"Karo yote," alisema kuvu. "Hata mimi nikiwa kwake huwa najaribu kutulia."

Alhamisi, utepe wa dawa ya nne ulitoa jibu. Kijani kilikuwa kimesimama mbali nao pande zote mbili, na katikati sahani ilikuwa tupu. Kuvu aliitazama nafasi hiyo tupu kwa heshima.

"Hiyo sikufundishwa," alisema.

Sasa Kavata alikuwa na jina la ugonjwa, dawa tatu zisizofaa na moja inayofaa, na siku moja. Aliandika kila kitu kwa mkono nyuma ya fomu, kwa kuwa mbele hapakuwa na nafasi, akampelekea Mzee Njau atie sahihi.

Njau aliisoma akiwa amesimama. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Atiriri, sikiza, Kavata," alisema kwa upole. "Sisi hapa kama tunaanza kuandika tumepata ukungu, watu watasema maabara ya Njau iko na ukungu. Na mkaguzi anakuja kesho saa tano. Weka alama kwa uchafu, mwambie Waithira alete sampuli ingine."

"Mzee, huyu mtu hana sampuli ingine ndani yake."

"Namuombea."

Na hakuna aliyetilia shaka kwamba angemwombea, kwa kuwa Njau alikuwa mzee wa kanisa na hakusahau majina. Lakini kalamu hakuichukua. Kavata alisimama mbele ya ile meza akiwa na hasira. Akilini alimwona Muoki, ambaye hakuwahi kuonana naye, akihesabiwa vidonge mkononi kwa mara ya tatu.

Hapo mlango uligongwa, akaingia kuvu. Aliomba ruhusa ya kuketi, na kiti cha wageni, kilichokuwa cha kitambaa cheusi, hakikurudi kuwa cheusi tena.

"Mzee, mimi sitaki kukuharibia kesho," alisema. "Shida yangu ni moja. Mtu akiwa results, ako na faili, na faili ikienda Ruiru anaenda nayo. Lakini mtu akiwa uchafu hana faili. Huyo hakuna mahali anaweza kupelekwa. Ni kukaa tu."

"Kukaa wapi?" aliuliza Njau.

"Hapo kwa benchi. Niko sawa hapo."

Njau alikitazama kiti. Akatazama zulia, ambapo nyayo mbili za kijani zilitoka mlangoni hadi mezani. Akachukua kalamu, akatia sahihi, kisha akapiga muhuri mara mbili kwa usalama. Kesho yake asubuhi na mapema faili lilikwenda Ruiru, na kuvu akaenda nalo, akiwa amemshukuru Wakonyo. Mkaguzi alipofika saa tano alikuta benchi likinukia jiki, akaisifu maabara kwa maandishi. Cheti kipya kilitundikwa juu ya mlango.

Daktari Waithira alipiga simu saa nane. "Kavata, hii kitu imekuwa hapo muda gani?"

"Tangu sampuli ya kwanza."

Daktari alisema kitanda kimepatikana na dripu itaanza kesho. Kisha akakata simu, naye Kavata angependelea atukanwe.

Jumamosi ya wiki iliyofuata Kavata alikwenda Murera na barua aliyoiandika mwenyewe, ya kuliomba shamba libadilishe ile dawa inayowasomesha kuvu. Meneja wa shamba, mtu mmoja jina lake Boaz, alimpokea vizuri, akamwekea kiti kivulini, akaisoma barua yote hadi chini, jambo ambalo Kavata hakulitarajia.

"Madam, nakubaliana na wewe mia kwa mia," alisema Boaz. "Twende nikuonyeshe."

Alimpeleka nyuma ya vibanda vya maua, hadi kwenye rundo. Juu ya waridi zilizooza waliketi kuvu kama mia mbili, kijani na majivu, wakiota jua kama wafanyakazi waliomaliza kula.

"Habari za mchana," Boaz aliwasalimu.

"Nzuri, bosi," waliitikia.

"Watu wapole sana," Boaz alimwambia Kavata. "Hawajawahi kutuletea shida."

"Muoki amelazwa."

"Na tumemchangia, hata kadi tumetuma. Shida ni wale wananunua maua huko ng'ambo, madam. Waridi moja ikuwe na doa, wanarudisha boksi yote. Kwa hivyo Alhamisi lazima tupulize."

"Hakuna dawa nyingine?"

"Iko. Lakini hii ndiyo tumezoea."

"Hata hawa wameizoea," alisema Kavata.

Boaz alicheka kwa moyo mweupe, akatoa kijitabu mfukoni akayaandika maneno hayo, ili ayaseme kwenye mkutano. Barua aliibandika kwenye ubao wa matangazo, kati ya ratiba ya mpira na tangazo la viatu vya gambuti vilivyopotea. Kavata alipokuwa akitoka langoni aliona mtu mmoja amesimama kama anayeisoma. Alikuwa mwenye gambuti, akilisoma tangazo lake.

Muoki alitetemeka Ruiru wiki kadhaa. Kila siku dripu ilipoanza alifunikwa blanketi tatu na bado meno yake yaligongana, na muuguzi alimhimiza avumilie. Damu ilipungua, kisha ikakoma. Katika wiki ya tano kuvu alipita tena maabara. Alikuwa amekonda, rangi imepauka, na shanga zimembakia chache upande mmoja wa kichwa. Aliomba kuketi mahali pake pa zamani. Wakonyo alimpa kikombe cha chai, ambacho hakukinywa, alikishika tu.

"Unaumia?" Kavata alimuuliza.

"Si sana. Ni kama paa inavuja na hakuna pa kuhamia." Alikigeuza kikombe mikononi. "Nilitaka tu kuona mahali nilipewa jina."

Alipoondoka aliacha kile kibati cha namba kumi na nne juu ya benchi, na vumbi kidogo mno kiasi kwamba Wakonyo hakutafuta jiki. Kavata alihuzunika siku nzima. Kisha alikumbuka Muoki anapumua, akaona haya kwa kuhuzunika, na bado akaendelea kuhuzunika.

Amri ya saa nne haikubadilika. Njau alieleza kwamba sahihi ile ilikuwa ya mgonjwa mmoja tu, na mgonjwa huyo ameshapona. Kisanduku cha "Uchafu" kilibaki pale pale chini ya fomu. Kavata alijifunza kuchelewa kwenye chai. Sahani alizoweza kuzificha alizificha nyuma ya maziwa, na hizo zilikuwa chache, maana friji lilikuwa dogo na Wakonyo alipenda maziwa. Katika miezi hiyo wagonjwa wawili walipata majina ya magonjwa yao kwa njia hiyo, mmoja wa Juja na mmoja wa Gatundu, na kila mmoja akatumia sahani moja ya vishimo vinne, ikabaki moja tu.

Jumatano moja Muoki alikuja mwenyewe kushukuru. Kavata hakumjua, alidhani ni fundi wa stima, kwa sababu alikuwa mtu mpana wa mabega, kilo sitini na mbili, amevaa ovaroli safi ya shamba. Mkononi alishika fungu la waridi nyekundu lililofungwa kwa karatasi.

"Daktari, nimeambiwa wewe ndiye ulinitetea," alisema, na macho yakamlowa, akayafuta kwa kiganja bila kuficha. "Wasichana wangu wawili wanakusalimia. Yule mdogo anauliza kama unakula kuku."

"Nakula," alisema Kavata, na yeye pia ilibidi ageukie dirisha kidogo. "Umerudi kazi gani, Muoki?"

"Ile tu. Pampu."

"Pale pale?"

"Na nirudi wapi tena, daktari? Ovaroli iko na jina yangu." Alimgeuzia mfuko wa kifuani aone. "Lakini wametupatia barakoa. Ya kitambaa, iko na picha ya waridi. Sasa wacha nikimbie, kesho ni Alhamisi na lazima nichanganye dawa leo."

Kavata aliyaweka maua kwenye chupa kubwa ya kupimia, dirishani. Yalikuwa waridi ishirini, na alipoyachunguza, kwa mazoea ya kazi, hakuona doa hata moja.

Yalipokwisha kunyauka na kutupwa, na cheti kikawa kimeshika vumbi kidogo juu ya mlango, Wakonyo alimwita Jumatatu moja asubuhi. Kwenye benchi alikuwa ameketi kuvu mwingine, mdogo kuliko yule wa kwanza, kijani kibichi zaidi, mikono ameikunja magotini kwa namna ile ile. Alishika namba tisa. Wakonyo alikuwa ameshamtandikia plastiki.

"Jina lake anasema analijua," alisema Wakonyo akiwa na kalamu juu ya kitabu. "Nilikuwa namuuliza la mgonjwa."

"Muoki," alisema kuvu. "Wa Murera. Nilisikia pafu la kushoto, juu, chumba kiko wazi, nikahamia."

Wakonyo aliandika. Kavata alikwenda kwenye friji, akasogeza maziwa, akatoa ile sahani moja iliyobaki. Kisha alifungua droo akakata kipande cha selotepu cha urefu wa kidole, akarudi kwenye benchi, akainama.

"Samahani," alisema, akakibandika begani.